Windows 10 imefika mwisho: ubaki nayo, ulazimishe Windows 11, au uhamie Linux Mint?

Mama mmoja mwenye steshenari hapa Morogoro alinijia na HP EliteBook 840 G3 ameifunga kwenye kitenge. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza moja kwa moja: "Fundi, dukani wameniambia hii imekwisha muda wake, ninunue nyingine. Ni kweli, mwanangu?" Nikaiwasha mbele yake, ikawaka vizuri. Betri inashika saa mbili na ushee, kioo hakina mkwaruzo, na herufi A na N kwenye kibodi zimefutika kwa kuchapa barua za watu. Katikati ya skrini kulikuwa na taarifa kwamba kompyuta haitimizi masharti ya Windows 11. Taarifa hiyo ndiyo iliyomtisha.

Swali lake naulizwa karibu kila wiki, na wengi wanaouliza wana mashine za aina hiyohiyo: zilizofanya kazi ofisini Ulaya au Marekani, kisha zikaja kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. RAM ni GB 8, prosesa ni ya kizazi cha sita au cha saba, chuma chake ni imara kuliko mashine nyingi mpya za bei nafuu. Ni hizo hasa zilizoachwa nje ya Windows 11, tena kwa hatua moja au mbili tu. Nazilinganisha hapa njia nne ulizonazo, na sitaficha ninayoipenda.

Kilichokwisha ni nini

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo. Word inafunguka, printa inachapa, mafaili yako yapo. Kilichokatika ni viraka vya usalama vya bure vilivyokuwa vinakuja kila mwezi.

Usilidharau jambo hilo. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye mfumo wa Windows wa kugawana mafaili kwenye mtandao. Miezi miwili baadaye, Mei 2017, WannaCry ikapita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwemo. Aliyekuwa ameweka kiraka alipona. Sasa Windows 10 isiyopata viraka itakuwa inakusanya matundu ya namna hiyo moja baada ya jingine. Antivirusi ya Microsoft Defender itaendelea kupata orodha za virusi wapya hadi Oktoba 2028, ni jambo jema, lakini hiyo ni sawa na mlinzi wa getini wakati ukuta wa nyuma umebomoka.

Soma namba ya prosesa kabla ya kutoa hela

Fungua mipangilio ya Windows, nenda sehemu ya mfumo, kisha ya maelezo ya kompyuta. Utaona kitu kama i5-6300U. Kwa mashine za umri huu, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: hiyo ni ya sita. i5-7200U ni ya saba, i5-8350U ni ya nane. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, na kwa upande wa AMD inaanzia takriban Ryzen za mfululizo wa 2000. Inataka pia chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka), RAM GB 4 na nafasi ya GB 64.

Kama namba yako ni ya nane au zaidi, usipoteze muda na makala hii. Pandisha Windows 11 leo, ni bure, na ikigoma ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta inayotangulia Windows, uangalie kama TPM imezimwa tu.

Kwa anayenunua mashine iliyotumika, usikubali kuambiwa jina la modeli peke yake. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 husifiwa kuwa "zinakubali Windows 11", na nyingi kweli zinakubali, lakini modeli hizo zilitoka kiwandani pia zikiwa na prosesa za kizazi cha saba. Jina ni lilelile, gamba ni lilelile, ila moja inaingia na nyingine inabaki nje. Mwambie muuzaji awashe, uione namba kwa macho yako.

Kubaki na Windows 10 kwa viraka vya nyongeza

Wengi hawajui kwamba njia hii ipo. Microsoft ina mpango wa viraka vya nyongeza, ESU, ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30 mara moja, na leseni hiyo inahudumia hadi kompyuta 10 chini ya akaunti moja. Unaweza pia kutolipa chochote: ukiwasha hifadhi ya mipangilio yako kwenda OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, unaandikishwa bure. Njia ya tatu ni pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Kwa yeyote asiye na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, hiyo ya pili ndiyo yake. Angalia tu OneDrive isianze kupandisha picha na video zako zote, maana nafasi ya bure ni GB 5 na bando litakwisha kabla hujajua limeenda wapi.

Masharti: uwe na Windows 10 toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft. Kiungo cha kujiandikisha kipo kwenye ukurasa wa Windows Update.

Kampuni na taasisi zina bei yake: dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na kila mwaka inakuwa maradufu, mwisho miaka mitatu. Ofisi yenye kompyuta 20 ifanye hesabu hiyo vizuri kabla ya kuingia.

Kuna pia watu wanaouza flashi zenye "Windows 10 LTSC ya mpaka 2032". Toleo la LTSC, Windows ya mashirika inayohudumiwa muda mrefu, lipo kweli, na lile la IoT linahudumiwa hadi Januari 2032, ila leseni yake haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja dukani. Unachouziwa mtaani karibu kila mara ni la kuchakachua.

Hapo nataka nisimame kidogo. Nimeshapokea mashine iliyotoka duka moja ikiwa na Windows iliyochakachuliwa, na mwenye mashine hakujua. Programu ya kuchakachulia ilikuwa imezima antivirusi tangu siku ya kwanza, na humo ndani mlikuwa na kitu kinachochota manenosiri ya kivinjari. Jambo la kusikitisha ni kwamba uchakachuaji wenyewe haukuwa na haja. Mashine nyingi za ofisini za miaka hiyo zimebeba ufunguo halali wa Windows Pro ndani ya BIOS. Ukipiga Windows safi iliyopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft, inajitambua yenyewe ikishapata intaneti. Mwambie fundi wako ajaribu hivyo kwanza.

Kulazimisha Windows 11

Inawezekana. Programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus, wakati wa kuandaa flashi, inakupa kisanduku cha kuondoa masharti ya TPM, Secure Boot na RAM. Kwenye prosesa ya kizazi cha sita au cha saba Windows 11 itaingia na itafanya kazi. Kwa zile za zamani kabisa kama Core 2 Duo mlango umefungwa: tangu toleo la 24H2 prosesa inatakiwa iwe na maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, bila hayo haiwaki.

Mimi sipendi kuwafanyia wateja hivi. Microsoft yenyewe imesema kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Viraka vya kila mwezi kwa kawaida huja, ila lile toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe. Toleo la Home au Pro linahudumiwa miezi 24, kisha inabidi uandae flashi tena, ulazimishe tena, na faili la Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Mtu anayejua kompyuta ataona ni mchezo mzuri wa Jumamosi. Mama wa steshenari atalazimika kunirudia kila baada ya muda, anilipe kwa kazi ambayo ilimpasa kuikwepa. Ukitaka kuifanya kwenye mashine yako mwenyewe, fanya, na nakala za mafaili yako ziwe nje ya kompyuta hiyo.

ChromeOS Flex

Hii naipitia haraka. Ni mfumo wa bure wa Google ulioanza kutolewa rasmi Julai 2022, umetokana na CloudReady ya Neverware ambayo Google iliinunua mwishoni mwa 2020. Unahitaji RAM GB 4 na nafasi ya GB 16 tu, unawaka upesi, unajisasisha wenyewe, na virusi vya Windows havina kazi humo. Kimsingi ni kivinjari cha Chrome kilichogeuzwa kompyuta nzima.

Unafaa kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kompyuta yapo kwenye Gmail, YouTube, Google Docs na madarasa ya mtandaoni. Ila ujue mambo matatu. Hauna Play Store, kwa hiyo programu za simu za Android haziingii humo. Ukiusakinisha unafuta diski nzima, hauwezi kukaa pamoja na Windows. Na bila intaneti unabaki na kidogo sana cha kufanya. Kwa anayeishi kwa bando la siku, mfumo huu utamtesa.

Linux Mint

Mint ni mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, mmoja wa familia ya mifumo ya bure iitwayo Linux. Ilianzishwa mwaka 2006 na Clément Lefebvre, Mfaransa anayeishi Ireland. Mfululizo wa 22 umejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na utapata masasisho hadi 2029, bila akaunti, bila malipo, bila kuulizwa kizazi cha prosesa. Inataka RAM GB 2 kwa uchache na GB 4 kwa raha. Faili lake ni karibu GB 3. Ina sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Mwenye GB 8 achukue Cinnamon, inafanana sana na Windows ya zamani, menyu chini kushoto na saa chini kulia. Mwenye GB 4 au pungufu achukue Xfce.

Inanivutia kuliko zote kwa sababu unaweza kuijaribu bila kugusa kitu. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kutoka humo, Mint inafanya kazi yote ndani ya RAM. Diski ya Windows iko palepale. Unajaribu spika, kamera, Wi-Fi, printa, unazima, unachomoa flashi, Windows inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Ukiridhika, unaisakinisha kando ya Windows, na kila unapowasha kompyuta inakuuliza unataka ipi.

Wi-Fi inaweza kugoma mwanzoni, hasa kadi za Broadcom. Usihangaike: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawana intaneti kupitia USB, Mint itaikamata hapohapo. Kisha fungua programu ya kusimamia draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) ndani ya Mint, itakutafutia draiva ya kadi yako.

Masasisho pia yanakwenda kwa heshima ya bando. Yanakuonyesha kila kitu na ukubwa wake, unachagua, unaamua lini. Hayakuzimii kompyuta katikati ya kazi ya mteja. Na kuna Timeshift, inayopiga picha ya mfumo mzima, ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma siku moja.

Kuna watakaokuambia uchukue Zorin OS. Si ushauri mbaya. Toleo la 18 lilitolewa siku ileile ya 14 Oktoba 2025, na sura yake ni nzuri. Mimi nabaki na Mint kwa kuwa ni nyepesi na nimeshaizoea.

Printa, mahesabu na picha za pasipoti

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Andika kwenye karatasi kila programu unayoifungua kwa wiki, halafu uipitishe moja moja.

Barua, CV na ripoti: Mint inakuja na LibreOffice, inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Shida ninayoiona mara nyingi ni fonti. Mteja analeta CV ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Calibri, ukiifungua bila Calibri mistari inasogea na jina la mdhamini wa mwisho linaangukia ukurasa wa pili. Dawa yake ni kusakinisha fonti ya Carlito, ambayo upana wa kila herufi umelinganishwa na Calibri, na Caladea badala ya Cambria. CV ikarudi ukurasa mmoja. Dakika tano, na kelele nyingi za "LibreOffice inaharibu kazi" zinaisha.

Printa: HP nyingi zinakubali bila kuombwa. Epson za tangi la wino za mfululizo wa L, zilizojaa kwenye steshenari zetu, zina draiva. Canon za leza zinazotumia mfumo wa CAPT ni ngumu, na kama ndiyo mashine inayokuingizia hela, ijaribu kwa flashi kabla ya kuamua lolote.

Mahesabu: QuickBooks ya kompyuta na TallyPrime ni za Windows. Fomu za marejesho za KRA, mamlaka ya mapato kule Kenya, zenye makro za Excel (amri zinazojiendesha ndani ya faili) nazo zimezoea Excel halisi. Kuna Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini vitabu vya biashara ya mtu siviweki juu ya jambo la kubahatisha. Mhasibu abaki Windows 10 na ESU, akiweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane.

Picha za pasipoti: Photoshop haipo kwenye Linux. Ila Photopea inafunguka ndani ya kivinjari, inasoma faili za PSD za Photoshop, na kazi inafanyika kwenye kompyuta yako bila picha kupandishwa kokote. Ile PSD ya picha nane kwenye karatasi moja inafunguka humo na tabaka zake zote.

Ningechagua hivi

Mwanafunzi, mwalimu, mwandishi, mtu wa barua pepe na filamu, mwenye kizazi cha saba kushuka chini: Mint. Asiyetaka kujifunza kitu kipya mwaka huu: ESU ya bure, basi. Mhasibu: ESU, kisha mashine nyingine. Anayeishi ndani ya kivinjari na ana intaneti ya kudumu nyumbani: ChromeOS Flex. Kulazimisha Windows 11 nawaachia wenye muda na wanaopenda kujaribu.

Na kwa wote, kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, hela ya kwanza iende kwenye SSD. Unasikia tu inavyokoroma ikiwaka, dakika tatu unaangalia duara linazunguka. SSD ya GB 240 au 256 inabadilisha mashine ya kizazi cha sita kuliko mfumo wowote niliouandika hapa.

Mama wa Morogoro tulimfanyia hivi. Kwanza nakala ya mafaili yote kwenye diski ya nje, na nikamwambia akae nayo yeye mwenyewe nyumbani. Kisha SSD, kisha Windows 10 safi kwa ufunguo uliokuwemo kwenye BIOS na ESU ya bure, kisha Mint kando yake. Nilimkalisha na Mint ya kwenye flashi kwanza, akachapa barua ya maombi ya kazi, akaituma kwenye Epson yake, ikatoka. Akaigeuza karatasi pande zote mbili akiikagua. "Mbona ni ileile?"

Baada ya wiki mbili alinipigia. Anatumia Mint kutwa nzima, Windows anaifungua pale tu mteja anapoleta Excel yenye makro. Alichotaka kujua ni kwa nini kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu. Nikamwelekeza kwa simu asakinishe kifurushi cha hunspell-sw, kisha kwenye LibreOffice achague Kiswahili kuwa lugha ya maandishi. Nikamwambia pia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na LibreOffice anayoitumia ni uzao wa OpenOffice. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia anabonyeza kibodi. "Haya, imekubali 'ninaomba'. Ngoja nijaribu 'nitashukuru'."